Viganja Chini, Magoti Yamenyooka

Alikuwa na tabia ya kuangusha kipenga chake. Akikutana na mvulana mgeni shuleni, alitembea naye kidogo, akamuuliza ametoka wapi, kisha kipenga kikamponyoka kana kwamba kwa bahati mbaya. Mvulana aliinama kukiokota. Mwalimu huyo wa mazoezi ya viungo hakumtazama usoni wala mikononi. Alitazama nyuma ya magoti. Aliyekunja magoti alipewa asante, basi. Aliyeinama kutoka kiunoni, miguu ikabaki imenyooka kama nguzo, aliulizwa swali la pili: "Wewe, unataka kucheza mpira wa kikapu?"

Nilifundisha naye katika shule ya misheni pembeni mwa mji wa Nakuru, miaka ile ya Emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu ambaye hakupita chuoni. Nilichojua nilikuwa nimekisoma mwenyewe kwa taa ya mafuta. Yeye alikuwa ametoka jeshini. Watu wengi waliomjua wanamkumbuka kwa sauti yake, iliyosikika mpaka kwenye nyumba za reli. Mimi namkumbuka kwa swali moja alilonitia kichwani, ambalo halijaniacha nitulie tangu hapo: je, mvulana ambaye misuli ya nyuma ya mapaja yake inanyumbuka huruka juu kuliko yule ambaye misuli hiyo imekakamaa? Yeye alijibu ndiyo, bila kufikiri. Jibu hilo lilimchania mguu kijana mmoja, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama kijana huyo angeruka tena. Ni kwa ajili ya mguu huo naandika.

Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na viatu vya turubai ambavyo alivipaka chokaa kila Jumamosi hadi vikawa vyeupe kuliko shati la mkuu wa shule. Hakukaa. Katika chumba cha walimu alikunywa chai akizunguka meza, akisahihisha madaftari juu ya kizingiti cha dirisha, akichungulia uwanjani kila baada ya mistari miwili kana kwamba kuna mtu angeuiba. Ukizungumza naye ilibidi ugeuke geuke kama kuku anayefuatwa. Mke wa katekista alimwambia siku moja, "Mwalimu, utakula ukitembea mpaka lini? Chakula kitashuka wapi?" Akamjibu, "Miguuni, mama. Ndiko kinakohitajika."

Kiswahili chake kilikuwa cha namna mbili. Akiwa na sisi alisema vizuri, taratibu, kama mtu anayepanga matofali. Akiwa uwanjani kilimrudia kile cha kambini. "Hapana kunja goti!" alipiga kelele. "Viganja chini! Wewe, iko mfupa mgongoni ama iko fimbo?" Wavulana walimwita Afande, ingawa kila wiki aliwakataza na kuwaambia wamwite Mwalimu. Nadhani kama wangetii angesikitika.

Mchezo wenyewe aliuona Bara Hindi wakati wa vita. Kikosi chake kilikaa karibu na kambi ya Waamerika, na jioni wale askari walicheza mpira wa kikapu juu ya udongo ulioshindiliwa kwa rola. Alisimama nje ya waya akiwatazama. Alinisimulia mara nyingi jinsi walivyojinyoosha kabla ya kucheza: miguu imenyooka, viganja chini kabisa, vifua vimelala juu ya mapaja, jasho linawadondoka kama waliotoka mtoni. Kisha wakaingia mchezoni na kuruka hivi kwamba, kwa maneno yake, "uliweza kupita chini yao na kikapu cha viazi." Aliunganisha mambo hayo mawili, kule kuinama na kule kuruka, na hakuyatenganisha tena. "Mguu ni upinde," alisema. "Nyuma ya paja ndiyo kamba. Kamba fupi, mshale unaanguka hapa hapa."

Uwanja wetu aliutengeneza yeye na wavulana. Nguzo zilikuwa za mtarakwa, ubao ulitoka kwenye sanduku la mashine ya kukamulia maziwa, na kikapu kilikuwa pete ya pipa iliyofungwa kwa boliti. Sakafu ilikuwa maramu, udongo wa changarawe ulioshindiliwa. Wakati wa kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe la ziwani, likatuingia machoni na mdomoni na ladha yake ya chumvi, na mpira ukidunda uliacha alama kama za mnyama asiyejulikana. Wakati wa mvua hatukucheza ila tulitazama maji yakiupiga uwanja. Yeye alitazama akiwa amesimama mvuani.

Aliwatafuta wachezaji wake kwenye mashamba ya pareto. Hili halikuwa jambo la bahati. Alikuwa na hoja. Maua ya pareto huchumwa kwa mkono, na mmea wenyewe hauzidi kiuno cha mtoto. Mama na watoto wake huchuma tangu asubuhi mpaka jioni, wameinama kutoka nyongani, miguu imenyooka, kwa sababu ukichuchumaa huwezi kusogea haraka kwenye mistari. Mtoto aliyeanza kazi hiyo kabla ya meno kung'oka, anapofika darasa la saba anaweza kulaza viganja chini bila kuvuta pumzi. Kwa hiyo alimwuliza kila mgeni, "Mama yako anachuma nini?" Jibu likiwa pareto, uso wake ulifunguka. Likiwa chai, alisitasita. Likiwa "Anakamua," alisema, "Vizuri, maziwa ni muhimu," na kuondoka.

Timu yake ya kwanza ilikuwa ya wachuma pareto peke yao, na ilikuwa nzuri. Hilo sitalipunguza. Waliruka, na wakishuka walishuka kama paka. Mimi niliyewatazama kwa jicho la hesabu niliona pia kwamba walikuwa wepesi, wamezoea kazi ya kutwa nzima, na walikuwa wakicheza pamoja tangu utotoni. Nilimwambia kwamba kuna sababu nyingi na yeye ameshika moja. Akasema, "Wewe shika hizo nyingine, mimi nishike hii. Tuone nani atafunga bao."

Jumapili hakuingia kanisani. Alipanda mpaka ukingo wa kreta ya Menengai peke yake, akageuka, akafika mlangoni wakati wa wimbo wa mwisho, akasimama kizingitini na kuimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima. Padri alimsamehe kwa sababu ya sauti. Nilipomuuliza kwa nini hakai ibada yote, alisema hawezi kumsikiliza mtu yeyote aliyesimama mahali pamoja kwa muda mrefu. Lakini yeye huyo ndiye aliyesimama kutwa nzima nje ya kituo cha polisi, kofia mkononi, akiwaombea vibali wavulana wake wa Kikuyu ili waweze kutoka mashambani kuja shuleni. Afisa alimwambia arudi kesho. Kesho akarudi. Alimwambia arudi Jumatatu. Jumatatu askari wa lango alimkuta pale pale, akasema, "Mzee, wewe hulali?" Akajibu, "Nikipata karatasi nitalala."

Karatasi hazikusaidia. Amri ya kuwaondoa Wakikuyu mashambani ilipotoka, familia zilipakiwa kwenye malori na kurudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, nyingine bila kupewa muda wa kuvuna mahindi yao. Wiki moja tulikuwa na timu, wiki iliyofuata nafasi zilikuwa wazi kwenye madawati kama meno yaliyong'oka. Niliona lori moja likipita mbele ya shule, limejaa watu na magodoro na kuku. Mvulana mmoja aliyekuwa nahodha wetu alikuwa amekaa juu ya gunia, akapunga mkono. Mwalimu wa viungo alikimbia kando ya lori lile, viatu vyake vyeupe kwenye matope, akipiga kelele, "Endelea kunyoosha! Kila asubuhi! Umesikia? Kila asubuhi!" Watu kwenye lori walimtazama kama mwendawazimu. Yule mvulana hakucheka. Aliitikia kwa kichwa mpaka lori likapinda.

Baada ya hapo alikuwa na wachezaji wanne kati ya watano. Na alikuwa tayari ameahidi mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa jambo kubwa kwetu. Shule ya Wahindi mjini ilikuwa na uwanja wa saruji na mipira mitatu iliyojaa upepo, na mwalimu wao wa michezo, Singasinga kijana mwenye kilemba cha buluu, alikuwa amekubali kucheza nasi. Watoto wa Kiafrika na wa Kihindi hawakuwa wakikutana uwanjani siku hizo. Mkuu wa shule yetu alitoa ruhusa kwa shingo upande. Ikifutwa mara moja, haingetolewa tena.

Mvulana wa tano alikuwepo, na kila mtu alimjua. Alitoka upande wa Gilgil, ambako baba yake alichunga ng'ombe wa mzungu. Wenzake walimwita Mlingoti. Alikuwa mrefu, mkimya kidogo, na mgumu kama ubao. Ukimwambia ainame, mikono yake ilifika chini kidogo ya magoti ikakomea hapo, mgongo ukatetemeka. Mwalimu wa viungo alikuwa amemwangushia kipenga mwaka wa kwanza. Mlingoti alichuchumaa kama mtu anayekamua, akakiokota, akampa, akaambiwa asante.

Tangu siku hiyo alitaka kucheza. Alikaa kwenye jiwe kando ya uwanja kila jioni, na mpira ukitoka nje aliurudisha kwa mikono miwili, taratibu, kama kitu cha thamani.

Mimi ndiye niliyependekeza ukuta. Nyuma ya ghala la shule kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe. Niliwapaka wavulana chaki kwenye vidole, nikawaambia kila mmoja asimame na kunyoosha mkono aweke alama, kisha aruke na aweke alama nyingine. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio uwezo wa kuruka, urefu wa mtu ukiwa umeondolewa. Nilieleza hivyo kwa sababu nilijua angesema Mlingoti ni mrefu tu. Wavulana wanne wa timu waliruka. Kisha akaja Mlingoti, akavua viatu, akasimama wima kabisa, akaruka bila kuinama sana, kama vile vijana wa kwao wanavyoruka kwenye ngoma, mwili mzima fimbo moja. Alama yake ilikuwa juu ya zote.

Wavulana walipiga mbinja. "Mlingoti amepandisha bendera!" mmoja akasema.

Mwalimu wa viungo aliutazama ukuta. Akausogelea, akapima kwa shubiri, mara mbili. Kisha akasema, "Ukuta hauchezi mpira."

"Lakini kuruka ni kuruka," nikamwambia.

"Akiruka mara moja, sawa. Akiruka jioni nzima na misuli mifupi namna hii, itakatika."

Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na mpaka leo siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Hapo ndipo ugumu ulipo. Alikuwa ameacha kusema kwamba mgumu haruki. Sasa alisema mgumu ataumia. Kwa hiyo aliamua kumlainisha. Angeweza kuikunja kanuni au kumkunja kijana, na akachagua kijana.

Ilikuwa Julai. Anayejua Nakuru anajua asubuhi za Julai: ukungu unashuka kutoka Menengai, nyasi zimelowa, vidole havishiki chaki. Mazoezi yalikuwa kabla ya sala ya asubuhi, kwa sababu mkuu wa shule hakuruhusu wakati mwingine. Wavulana walitoka bwenini moja kwa moja, wakakaa kwenye nyasi, miguu imenyooka mbele, na mwenzako akakusukuma mgongo kutoka nyuma. Nilipokuja kuyasoma mambo haya baadaye ndipo nilipoona kosa lilikuwa wapi. Wale Waamerika wake walijinyoosha jioni, katika nchi ya joto, miili ikiwa imeshachemka. Na watoto wa pareto walikuja kwetu wakiwa wameinama miaka yote ya maisha yao. Baridi haikuwa na la kuwafanya. Yeye alichukua kile kuinama peke yake, akakileta kwenye ukungu wetu, akampa mvulana ambaye hakuwa nacho.

Asubuhi ile Mlingoti alikuwa amekaa chini, na mwalimu wa viungo alikuwa amepiga magoti nyuma yake, viganja mgongoni pake. Hakutaka mvulana mwingine amsukume. Alisema watamfanyia mzaha.

"Mlingoti, umelala na fimbo mgongoni?" mmoja akamtania.

"Na wewe umelala na uji kwenye masikio," Mlingoti akamjibu, meno yamekazana.

"Kimya! Hesabu!" akasema mwalimu. "Pumua. Shuka. Hapana kunja goti. Shuka tena."

Kichwa cha Mlingoti kilikuwa kinashuka kuliko nilivyowahi kukiona. Mwalimu alitabasamu. Nakumbuka tabasamu lile kwa sababu lilikuwa la mtu aliyeona jambo linakubali. Akaegemeza kifua chake chote.

Sikusikia sauti yoyote. Wengine walisema walisikia. Niliona tu mkono wa Mlingoti ukishika nyasi.

"Afande, kimekatika kitu."

"Hapana kitu. Pumua."

"Kimekatika, Mwalimu."

Alikuwa hajawahi kumwita Mwalimu. Mwalimu wa viungo aliondoa mikono kana kwamba ameigusa sufuria ya moto.

Msuli ulikuwa umechanika juu kabisa, karibu na mfupa wa kukalia. Weusi ulianza chini ya tako na kwa siku zilizofuata ukashuka mpaka nyuma ya goti. Mganga wa misheni alisema mfupa ni mzima, apumzike. Mlingoti hakuweza kukaa kwenye dawati. Alisoma amesimama, ameegemea ukuta, na baada ya siku chache baba yake akaja kumchukua.

Mwalimu wa viungo alikwenda mjini kufuta mchezo, nami nikamsindikiza. Singasinga alimsikiliza, akakunja midomo, akasema, "Bwana, ukifuta leo, mkubwa wako na mkubwa wangu watafurahi sana, na hapana cheza tena. Chukua mtoto yangu moja. Yeye cheza kwa wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Mvulana wa tano wa timu yetu alikuwa mtoto wa duka la vitambaa, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi kisogoni. Kabla ya mchezo aliweka mguu juu ya benchi ili afunge kamba za kiatu, kwa sababu hakuweza kuinama. Nilimtazama mwalimu wa viungo. Kipenga kilikuwa mkononi mwake. Hakukiangusha. Mvulana yule alicheza kwa moyo wote, aliwatukana wanafunzi wenzake kwa Kigujarati na kutucheka sisi kwa Kiswahili, na watu walimshangilia. Tulishindwa, lakini hatukuaibika, na mchezo ukaendelea mwaka uliofuata.

Tuliporudi kwa miguu kupitia mtaa wa maduka sikuweza kunyamaza.

"Yule mtoto hagusi hata magoti yake."

"Nimeona."

"Na amecheza."

"Nimeona, Mwalimu."

"Basi kanuni ilikuwa ya nani?"

Alifika kwenye ngazi za duka lililofungwa, akakaa. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa. Alikaa pale miguu imenyooka mbele yake, viatu vyeupe vimepakwa vumbi, na wapita njia walimkwepa. "Wewe nenda," aliniambia. Nikaenda.

Kila Jumapili, badala ya Menengai, alipanda lori la maziwa mpaka Gilgil. Alibeba mafuta ya kondoo kwenye kopo na kitambaa cha sufu. Alinisimulia kidogo tu: alimkanda, alimwekea maji ya moto, alimtembeza. Kijana alianza kutembea vizuri, kisha akajaribu kukimbia na mguu ukamrudisha chini. Jumapili moja baba yake alimngoja barabarani. "Ng'ombe akiumia najua la kumfanya," alimwambia. "Huyu nilikupa mzima. Sasa nimwangalie mwenyewe. Usije tena."

Hakwenda tena. Mwisho wa muhula akaomba kuondoka, akapata kazi katika shule ndogo ya shamba huko Subukia. Hakuaga wavulana. Kipenga alimwachia nahodha mpya, juu ya kitanda.

Mimi nilibaki na swali. Kwenye mnada wa vitu vya mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao nilinunua kitabu kikuukuu cha viungo vya mwili, nikakisoma kwa kamusi. Nilikwenda kwa mchinjaji sokoni nikamwomba anionyeshe mguu wa nyuma wa mbuzi, pale msuli unaposhikamana na mfupa wa nyonga, na pale unapopita goti. Alinipindulia mguu ule huku na huku, wateja wakingoja. "Mwalimu," akasema mwishowe, "unanunua au unasoma?" Nilinunua. Nilijifunza kwamba msuli huo unapita viungo viwili, nyonga na goti, na kwamba anayeruka hauvuti kama kamba ya upinde. Unafanya kazi pamoja na misuli ya mbele, ya tako na ya shavu la mguu. Kila mwaka niliwapima wavulana wapya: kuinama kwao, na kuruka kwao ukutani. Niliona wenye kunyumbuka wanaoruka sana na wenye kunyumbuka wanaoruka kidogo. Niliona wagumu wa namna zote mbili. Uhusiano ulikuwepo kidogo, lakini haukuwa kanuni ya kumpa mtu nafasi au kumnyima. Zaidi ya hapo sijui, na nimejitahidi kutosema zaidi ya ninachojua.

Muongo ulikuwa unakwisha nilipokwenda Subukia. Nilimkuta kwenye kiwanja chenye mteremko, watoto wadogo wakirusha mpira wa matambara kwenye ndoo iliyotobolewa. Mvi zilikuwa zimemwingia. Bado alizunguka. Nilipofika mtoto mmoja alikuwa ameinama kukaza kamba ya kaptula, naye akamrukia, "Simama! Nani amekwambia kuinama? Jua bado!" Mtoto akasimama wima kama mshumaa. Nikaelewa kwamba sasa alikuwa amekataza kuinama. Alikuwa amebadilisha kanuni, akaishika kwa nguvu zile zile.

Tulizunguka uwanja. Nilimweleza nilichopima, pole pole, kwa mpango, kama nilivyozoea. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa lake. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo haikuwa lazima."

"Haikuwa lazima."

Alitembea mbele yangu kidogo. "Na yeye?" Hakusema jina. "Usiniambie kama hawezi kutembea."

"Anafanya kazi karakana ya reli," nikasema. "Anacheza timu yao. Jumamosi wanacheza na Wahindi, uwanja ule ule."

"Anacheza, au anasimama na wachezaji?"

"Njoo uone."

"Baba yake alinikataza."

"Baba yake alikukataza Gilgil. Huku ni Nakuru."

Alicheka kidogo, bila furaha. Hakuahidi.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali, saruji ikipiga joto usoni. Nilikuwa nimekaa na walimu wenzangu nilipomwona nje ya ua wa seng'enge, amesimama, akihama mguu huu na ule. Nilitoka nikaenda kusimama naye. Hakuniamkia. Mlingoti alikuwa ameingia uwanjani, mwanaume sasa, mabega mapana, anamcheka mtu. Kabla hawajaanza alisimama ukingoni akajichua nyuma ya paja kwa kiganja, kwa uangalifu, kama mtu anayekumbusha mguu wake jambo fulani. Kisha akaenda katikati kushindania mpira wa kwanza.

Mwalimu wa viungo alishika waya wa seng'enge kwa mikono miwili. Mwamuzi alipoinua mpira aliyafumba macho yake.

Nilitazama kwa ajili yetu sote wawili. Mlingoti alikunja magoti, si sana, akasukuma ardhi kwa mguu wa kushoto, ule mzima, akapanda. Aliupiga mpira kwa ncha za vidole juu ya kichwa cha Mhindi mmoja mrefu, na watu wote wakaguta pamoja.

"Amekwenda juu," nikamwambia. "Amekwenda juu sana, Mwalimu."

Alitikisa kichwa kwa hasira, macho bado yamefumbwa, kana kwamba nilikuwa nimejibu swali la mtu mwingine.

"Ameshukaje?" akauliza.

Nikatazama. Mlingoti alikuwa ameshuka kwa miguu yote miwili, amekunja magoti, na tayari alikuwa anakimbia.

"Ameshuka vizuri," nikasema.

Ndipo akafumbua macho.